Vitabu, skrini au dadu: shabiki wa fantasia huitwa giki wapi?

Mpwa wangu ana miaka 16 na ana siri moja. Kwenye kurasa za nyuma za daftari lake la hisabati amechora ramani ya nchi isiyokuwepo: safu ya milima kaskazini, mto unaogawanyika mara tatu kabla ya kufika baharini, na bandari saba zenye majina aliyoyatunga mwenyewe. Aliponionyesha alifunika nusu yake kwa kiganja. "Mjomba, usimwambie mtu. Wataniita giki."

Sikucheka. Nilipokuwa na umri wake nilizoea kuifunika riwaya yangu kwa karatasi ya gazeti, na sababu haikuwa kuikinga na vumbi. Jaladani palikuwa na joka, nami nilikuwa nimefikia umri wa kuona aibu ya joka.

Je, kupenda hadithi za fantasia, yaani za uchawi, majoka na nchi za kubuni, ni ugiki? Nimeulizwa mara nyingi, na huwa naona swali limeishia njiani. Hadithi ileile, yenye mchawi yuleyule na joka lilelile, ukiisoma utaonekana hivi, ukiitazama utaonekana vile, na ukiicheza mezani na wenzako watu watakutazama kwa jicho jingine kabisa. Kwa hiyo nazilinganisha hapa njia nne za kuwa shabiki wa fantasia, kwa ajili ya aliye njia panda: anayetaka kuingia asijue aanzie wapi, na aliyekwisha kuingia anayejiuliza kama azame zaidi au abaki ufukweni.

Kwanza neno lenyewe

Giki ni neno lililotoka kwenye Kiingereza, na huko lilianza vibaya. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika maonyesho ya kusafiri ya Marekani, lilikuwa jina la mtu aliyelipwa kuwatia watazamaji kinyaa, kwa mfano kwa kumng'ata kuku aliye hai hadi kichwa kikatike. Baadaye likahamia kwa wanafunzi wasiojua kujichanganya na wenzao, kisha kwa mafundi wa kompyuta, na leo wapo wanaojiita hivyo kwa majivuno. Kwa jinsi ninavyolisikia likitumika, giki ni mtu aliyezama katika jambo moja hadi anakupa majibu ya maswali ambayo hukumuuliza.

Kwa maana hiyo, shabiki wa soka anayetaja kikosi kizima cha fainali ya miaka 20 iliyopita, pamoja na waliokaa benchi, ni giki wa kutupwa. Hakuna anayemwita hivyo. Wala majini na mazingaombwe peke yake hayampi mtu jina hilo. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, mna majini na ndugu wawili wanaogeuzwa manyani. Kusadikika, ya mwaka mmoja kabla yake, ni nchi iliyo angani. Watu wamevisoma vitabu hivyo darasani, wakavijibia maswali ya mtihani, na sijasikia aliyechekwa kwa kuvijua.

Jina hilo huandama alama zinazoonekana kwa nje: ramani, dadu, vazi, msamiati wa lugha ambayo hakuna taifa linaloisema. Kila njia kati ya hizi nne ina alama zake.

Vigezo

Nimezipima njia zote kwa mambo manne. Muda: itakula saa ngapi za maisha yako kabla hujaonja utamu wake. Macho ya watu: uwezekano wa kuitwa giki, nyumbani, shuleni au kazini. Kina: unaingia ndani ya ulimwengu ule kiasi gani. Na wenzako: utaupata uhondo peke yako au na kundi. Gharama nimeiacha makusudi, kwa kuwa vitabu huazimwa, filamu hutazamwa kwa jirani, na dadu moja huweza kulisha meza nzima.

Vitabu

Muda. Hapa pana mtego. Mgeni huambiwa na mashabiki aanze na kitabu "bora kuliko vyote", kumbe kitabu hicho ni cha kwanza kati ya 14. Mfululizo wa The Wheel of Time ulianza kutoka mwaka 1990. Mwandishi wake, Robert Jordan, alifariki mwaka 2007 kabla hajaumaliza, na Brandon Sanderson akaufikisha mwisho mwaka 2013. Aliyeanza kuusoma akiwa shuleni aliumaliza akiwa na watoto. George R. R. Martin naye alitoa kitabu cha tano cha mfululizo wake mwaka 2011, wasomaji wakaachwa wakihesabu miaka wakingoja cha sita. Lakini si lazima uanze na tofali. A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968, ni kitabu chembamba unachoweza kukimaliza mwishoni mwa juma, na ulimwengu wake hauna upungufu wowote.

Macho ya watu. Msomaji wa kimya hasumbuliwi sana. Atakayekuona na kitabu kinene atakudhania msomi, hadi alione joka. Kashfa zenyewe ni za zamani: mwaka 1956 mchambuzi wa Marekani Edmund Wilson, alipokuwa akiichambua The Lord of the Rings ya Tolkien, aliandika kwamba wapo watu wenye hamu ya maisha yote ya takataka za kitoto. Aibu ya kusoma hadithi hizi ukiwa mtu mzima ilikuwepo kabla hakujawa na kompyuta nyumbani ya kumsingizia mtu ugiki.

Alama inayomtoa msomaji hadharani ni viambatisho. Mwishoni mwa juzuu ya tatu ya Tolkien mna kalenda, nasaba za wafalme, alfabeti, na maelezo ya matamshi. Msomaji wa kawaida anafunga kitabu hadithi inapokwisha. Giki anaendelea kusoma, kisha anarudi mwanzo na kalamu ya risasi mkononi. Na hawa magiki wanapatikana kila mahali. Margrethe wa Denmark, kabla hajawa malkia, alimpelekea Tolkien michoro aliyoichora kwa ajili ya hadithi hiyo. Michoro ilikuja kutumika katika toleo la mwaka 1977, wakati huo akiwa tayari ana taji kichwani, lakini haikutoka kwa jina lake. Ilitoka kwa jina la Ingahild Grathmer. Mpwa wangu anafunika kwa kiganja. Malkia alifunika kwa jina la bandia.

Kina. Hakuna njia inayokuingiza ndani kuliko hii. Picha unazichora wewe, sauti unazitia wewe, na mwandishi ana nafasi ya kukueleza kwa nini ufalme ulianguka miaka 300 kabla ya sura ya kwanza.

Wenzako. Hapo ndipo kitabu kinapokuacha. Unafika ukurasa wa 600, mhusika uliyempenda anakufa, unainua kichwa, na chumbani hakuna wa kumwambia. Rafiki uliyemshawishi asome bado yuko ukurasa wa 40, tena amekuomba usimharibie uhondo.

Njia hii inamfaa anayependa kukaa na nafsi yake, mwenye safari ndefu za kila siku, na asiyeudhika kusimuliwa taratibu. Anayechoshwa na majina mengi atateseka.

Filamu na tamthilia

Muda. Unahesabika, na hiyo ni faida kubwa. Filamu tatu za The Lord of the Rings, katika urefu uliooneshwa sinema, ni dakika 558, yaani saa 9 na dakika 18. Game of Thrones, tamthilia iliyotokana na vitabu vya Martin, ina vipindi 73. Unajua tangu mwanzo unachoingia, na mwisho upo.

Macho ya watu. Hapa karibu hakuna anayekuita giki, na jambo hili limenishangaza miaka yote. Hadithi ile niliyoificha kwa gazeti ilipofika kwenye sinema mwaka 2001, walionicheka ndio waliokuwa mbele yangu kwenye foleni. Filamu ya tatu ilishinda tuzo 11 za Oscar mwaka 2004, zote ilizopendekezwa, ikiwemo ya filamu bora, na haikuwahi kutokea hadithi ya fantasia kupata hiyo kabla yake. Kisha Game of Thrones, tamthilia ya majoka, ikaingia kila sebule kuanzia 2011, na watu wazima wenye tai shingoni wakawa wanabishana kazini juu ya nani anastahili kukalia kiti cha enzi.

Alama pekee ya giki mbele ya skrini ni mdomo. Niliwahi kuisimamisha filamu kwa rimoti ili nieleze kwamba kitabuni kuna mhusika mzima, Tom Bombadil, ambaye watengenezaji walimwacha nje. Nilieleza kwa dakika chache tu, kwa makadirio yangu. Shemeji yangu aliichukua rimoti mkononi mwangu kwa upole, akaiweka upande wake wa kochi, na mpaka leo tukitazama kitu pamoja rimoti hukaa upande huo.

Kina. Ni cha macho zaidi kuliko cha akili. Vita vya usiku na kasri juu ya mwamba vinakujia vikiwa tayari, na mara nyingi ni vizuri kuliko ambavyo ungevichora kichwani. Ila historia ndefu hukatwa, na wahusika huunganishwa au kufutwa, kama huyo Bombadil wangu.

Wenzako. Wengi, kwa muda mfupi. Tamthilia ikiwa hewani una wa kuzungumza naye popote. Ikiisha, kundi hutawanyika, na kama ilivyokuwa kwa Game of Thrones mwaka 2019 huenda likatawanyika kwa ugomvi juu ya mwisho wake.

Inamfaa mwenye familia anayetaka kuipenda fantasia pamoja nao, anayeijaribu kwa mara ya kwanza, na asiyetaka kabisa kuulizwa maswali. Anayetaka kujua ni nini kilichoko ng'ambo ya mlima uliopita haraka kwenye skrini, ataishia kukitafuta kitabu.

Michezo ya video

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa michezo hii inaazima nusu yake kwa skrini na nusu kwa meza. Muda wake hauna breki: Skyrim, ya mwaka 2011, ina watu ambao bado wanazurura ndani yake, hawajamaliza, wala hawana haraka. Kina chake ni cha miguu. Unaona pango, unaingia, na hakuna mwandishi wa kukuharakisha. Wenzako hutegemea mchezo. Mingine ni ya peke yako, mingine, kama Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, inaruhusu hadi watu wanne kusafiri pamoja.

Kuhusu macho ya watu, lawama zipo ila ni za aina nyingine. Mchezaji wa video haambiwi kwamba ni giki wa fantasia. Anaambiwa kwamba hatoki nje. Ukipiga joka au ukipiga mpira kwenye skrini, mama ni yuleyule na kelele ni zilezile. Inamfaa anayependa kugundua mambo kwa mikono yake na anayeweza kuzima mashine akijiambia kuzima. Asiyeweza, aanze na filamu.

Michezo ya mezani ya kuigiza

Kwa asiyeijua, mambo huenda hivi. Watu wanne au watano wanakaa kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi: anaeleza mahali mlipo na kilicho mbele yenu. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, mwenye nguvu na udhaifu vilivyoandikwa kwenye karatasi. Msimulizi anasema mlango umefungwa na nyuma yake kuna mtu anapumua. Wewe unasema utafanya nini. Kama jambo lenyewe lina hatari, unarusha dadu ya pande 20, na namba inaamua kama umefaulu. Uliojulikana kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, kwa nakala 1,000 tu za mwanzo.

Muda. Kikao kimoja ni saa tatu au nne, na hadithi moja huweza kwenda miezi au miaka. Lakini adui halisi wa mchezo huu si joka, ni ratiba. Kuwapata watu wazima watano walio huru jioni moja ni kazi inayoshinda kuiteka ngome.

Macho ya watu. Hapa hakuna pa kujificha. Ukionekana ukimwambia mtu kwa sauti nzito "nachomoa upanga wangu" huku mkononi una penseli, umeshahukumiwa. Nakumbuka jioni moja dadu ilituruka, ikaviringika chini ya kabati, na watu wazima sita, mmoja wao akiwa na shati la kazini bado, wakapiga magoti sakafuni na tochi za simu ili waone imesimama kwenye namba gani kabla mtu hajaigusa. Mgeni aliyebisha hodi wakati huo hakupewa maelezo yaliyotosha. Ilikuwa imesimama kwenye moja.

Zamani hukumu ilikuwa nzito zaidi. Katika miaka ya 1980 huko Marekani wapo wazazi na wahubiri waliodai kwamba mchezo huu unawafundisha watoto ibada za shetani, na vikundi viliundwa kuupinga. Hofu hiyo imepoa. Siku hizi kuna watu maarufu wanaojitangaza wenyewe. Mwigizaji Vin Diesel, ambaye kwa umbo lake hakuna atakayemwita giki akiwa karibu, aliandika dibaji ya kitabu cha kuadhimisha miaka 30 ya mchezo huu. Jina la giki bado lipo mezani, ila sasa aghalabu hutajwa na wachezaji wenyewe, huku wakicheka.

Kina. Ni cha namna yake. Ulimwengu wenyewe huenda ukawa wa kubahatisha, wenye mji ambao msimulizi aliutunga akiwa jikoni dakika kumi kabla. Lakini uamuzi ni wako, na kosa ni lako. Kitabuni nimesoma vifo vingi vya mashujaa. Ninachokikumbuka hadi leo ni kifo cha mpiga ngoma mmoja aliyechezwa na binamu yangu, kilichotokana na yeye kukataa kuwaacha punda wawili.

Wenzako. Njia hii haina mpinzani hapo. Bila wenzako hakuna mchezo. Nimewafahamu watu kwa mwaka mzima mezani kabla sijajua wanafanya kazi gani.

Inamfaa anayependa kusimulia na kubishana, hata mwenye haya, kwa kuwa ni rahisi kusema kwa kinywa cha mtu mwingine. Haimfai anayechukia kushindwa mbele ya watu, wala mwenye kazi ya zamu zisizotabirika.

Uchague vipi kwa hali yako

Kama hujawahi kuionja fantasia na hujui kama utaipenda, anza na filamu moja. Si tatu. Ikikuacha na maswali kuhusu mahali palipopita haraka, chukua kitabu chembamba, siyo mfululizo.

Kama tayari unaipenda na shida yako ni maneno ya watu pale ulipo sasa, soma. Kitabu kwenye simu hakina jalada, na gazeti langu lingepata kazi nyingine. Ila jipime: ikiwa unachokikosa ni mtu wa kuzungumza naye, kuficha kutakuongezea upweke, na hapo jioni moja mezani itakufaa kuliko riwaya kumi.

Kama muda wako unakuja kwa vipande, dakika 20 hapa na nusu saa pale, kitabu na mchezo wa video vinakatika bila kinyongo. Filamu haikatiki vizuri, na meza haikatiki kabisa.

Kama una mtoto au mdogo wako aliyezama huko nawe unahofia kwamba atachekwa, mtazame anafanya nini na hadithi hizo kabla hujamshauri aziache. Anayesoma tu, mwache asome. Anayesimamisha filamu ili aeleze, mtafutie wenzake, na uishike rimoti.

Na anayechora ramani, huyo ni msimulizi tayari, bado hajapata wachezaji. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zinapatikana bure kwenye intaneti; mpwa wangu nilimpa dadu moja tu ya pande 20. Amepata wachezaji wanne. Ramani bado anaifunika kwa kiganja nikikaa karibu naye, kwa kuwa mmoja wa hao wanne ni mimi, na bandari tatu za kusini hatujafika.